Fahali wa mjomba hakurudi nyuma hata hatua moja: GIF yangu ya sekunde mbili ilivyommaliza

Wakuu, wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu miaka mingi. Nasoma nyuzi zenu nikila lunch, nacheka peke yangu, naondoka bila hata kuacha like. Leo nimefungua akaunti kwa sababu nina hasira na sina pa kuiweka.

Haya si mambo ya kusikia. Mimi ndiye niliyechora, mimi ndiye niliyepost, na mtaona mbele huko kwamba sijaficha mahali nilipokosea. Nikiongeza chumvi, tableti yangu izime isiwake tena, na hiyo tableti ndiyo mali pekee ya maana niliyo nayo.

Kwanza mnijue. Mimi ni mwanamke, naishi Kakamega mjini, upande wa Lurambi. Mchana nafanya kazi kwenye cyber, naprintia watu makaratasi, nawajazia fomu za online wazee waliosahau password zao. Jioni nachora GIF.

Najua kuna mtu tayari anaandika "kwani GIF inachorwa?"

Ndiyo mkuu, inachorwa. Zile picha fupi zinazocheza na kujirudia, mnazotumiana kwa group kila asubuhi, mnadhani zinaota zenyewe kwenye keyboard ya simu. Kuna mtu aliinama akazichora moja moja mpaka shingo ikakakamaa.

Niwaeleze kidogo, kwa sababu bila hili hamtaelewa kilichonipata.

Video ina mwanzo na mwisho. GIF haina. Ikichorwa vizuri, mtazamaji hajui imeanzia wapi wala imeishia wapi. Kwa hivyo kazi yote iko kwenye kiungo, yaani pale mchoro wa mwisho unapokutana na wa kwanza. Niliwahi kumchora mama anayepepeta maharagwe kwenye ungo. Michoro yenyewe nilimaliza kwa siku mbili. Kiungo kilinichukua wiki mbili, kwa sababu kila nikiicheza kuna maharagwe yalikuwa yanaruka juu na hayarudi.

Nikiwaambia watu hii ni sanaa wananiangalia kama mtu aliyesema anasomea kupiga miayo. Haya, hilo nimezoea. Tuendelee.

Nina mjomba, ndugu wa mama, anaishi upande wa Shinyalu. Kwetu mjomba tunamwita khotsa. Yeye hunibembeleza kwa kuniita mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake mzazi. Hana mtoto wa kike, kwa hivyo nimedekezwa pale tangu nikiwa na meno ya utoto.

Mjomba alikuwa na fahali anaitwa Injinia.

Kwa wale wa ng'ambo ya mpaka: sisi Waluhya wa Isukha na jirani zetu wa Idakho hupiganisha mafahali. Hakuna mtu na kitambaa chekundu hapo, ni fahali kwa fahali. Jumamosi asubuhi, umande haujakauka, ngoma za isukuti zinalia, watu wanakimbia na matawi mkononi wakimwimbia fahali wao mpaka uwanjani. Wakifika, wanawaachia.

Sheria ni moja tu. Wanasukumana kwa vichwa mpaka mmoja aanze kurudi nyuma na ageuke. Huyo ameshindwa. Hakuna refa, hakuna pointi, na hakuna wa kukata rufaa maana watu wote wameona kwa macho yao.

Fahali anayejulikana kwa kurudi nyuma haishi muda mrefu. Hakuna mtu anataka fahali wake apigane naye, na hajafundishwa kulima. Anauzwa, na anayemnunua huwa na bucha.

Injinia hakuwa wa namna hiyo. Mweusi tii, na doa jeupe kwenye paji la uso. Alipewa hilo jina akiwa ndama kwa sababu alikuwa anazunguka ua wa mjomba akikagua kila mti, na akipata uliolegea anaungoa. Mjomba alimlea kwa mkono. Alimnunulia molasi hata kwa wiki ambazo yeye mwenyewe alikuwa anakunywa chai ya rangi.

Sasa, kuna Jumamosi moja Injinia alipangwa na fahali wa Idakho anaitwa Simiti. Na jina lilimfaa, lile dubwana lilikuwa limejaa kila upande. Mimi nilienda na simu kuchukua video ya kunisaidia kuchora.

Wakuu, niliona mambo. Wale wawili walishikana kwa muda hata mtu hakohoi. Halafu Injinia akashusha kichwa zaidi, akachimba na miguu ya nyuma, akaanza kwenda. Alimsukuma Simiti kutoka katikati ya uwanja mpaka kwenye ua wa kanisa. Simiti akageuka, akapita katikati ya watu, wazee wenye fimbo na akina mama wenye leso wote wakatawanyika. Mjomba alibebwa juu. Mtu wa miaka yake anabebwa juu akilia machozi.

Nilirudi mjini nikiwa nimewaka. Nikakaa chini nikachora michoro kumi na miwili ya Injinia akisukuma. Bega linavimba, mguu unachimba, vumbi linapanda. GIF haipendi rangi nyingi, ikizidi inakuwa nzito na inachafuka, kwa hivyo nikatumia nyeusi, nyeupe ya lile doa, na kahawia tatu za udongo wetu. Simiti nilimwacha nje, pembe zake tu ndizo zilionekana ukingoni mwa picha.

Ikaja shida ya kiungo.

Fahali ameenda mbele. Sasa nimrudisheje pale alipoanzia?

Njia ngumu ipo, nitawaambia baadaye. Njia rahisi ni ile ambayo dunia nzima inaitumia: unachukua michoro ile ile unaicheza kinyume. Mbele, nyuma, mbele, nyuma. App ina kitufe chake kabisa.

Nikabonyeza hicho kitufe.

Hapa ndipo ninapotaka kujipiga makofi. Mimi mtoto wa Isukha, niliyeanza kuona mafahali nikiwa nimebebwa mgongoni, nilimrudisha fahali nyuma kwa mkono wangu na sikuona kitu. Niliona mdundo tu. Niliona picha inapumua nikasema hii ndiyo kazi yangu nzuri kuliko zote. Nikaweka sahihi yangu ndogo kwenye kona, nikaandika "Injinia akiwa kazini", nikapost.

Mjomba anatumia kabambe, ile simu ya vitufe yenye tochi, kwa hivyo sikuweza kumtumia. Nilimpigia tu.

"Khotsa, nimemchora Injinia."

"Umemtoa vizuri, mama?"

"Vizuri sana."

Alicheka akafurahi, akaniambia nije kula ingokho, kuku wa kwetu, siku nikipata nafasi.

Siku nne baadaye, mteja wa cyber ananionyesha kitu kwenye simu yake huku akicheka mpaka anashika meza. Ni page moja ya mafahali, jina naliacha, yenye wafuasi wengi huku kwetu. Wamepost GIF yangu.

Lakini haikuwa GIF yangu tena.

Admin wa ile page alikuwa amekata kona yenye sahihi. Kisha akakata nusu nzima ya mbele, ile ambayo Injinia anasukuma. Akabakisha nusu ya kurudi. Sasa Injinia anarudi nyuma, anarudi nyuma, anarudi nyuma, siku nzima, bila kupumzika. Hata kiungo kilikuwa kibaya, mwishoni picha ilikuwa inaruka kama imekatwa kwa panga, na nakiri hilo nalo liliniuma peke yake.

Juu yake ameandika: "Injinia wa Isukha alivyokutana na Simiti." Na emoji za kucheka mstari mzima.

Comments zilikuwa mia na kitu. Wengi ni watu wa mbali ambao hawajawahi kuona hata ndama akipigana. Hao nawasamehe. Lakini kuna jamaa mmoja ninamjua kwa sura na kwa jina. Alikuwa uwanjani siku ile, alisimama hatua kumi kutoka kwangu, na Simiti alipogeuka alikuwa mmoja wa walioruka ua wa kanisa kujiokoa. Huyo mtu ameandika: "Hata mimi niliona kitu kama hiyo."

Uliona nini wewe? Uliona wapi? Ulikuwa juu ya ua!

Nikaandika comment ndefu kueleza kwamba hiyo ni kazi yangu na imekatwa. Admin akaifuta. Nikaandika nyingine, nikatafuta video ya mtu mwingine ya siku ile nikaiweka, yangu nilikuwa nimeshaifuta kwa sababu simu ilijaa. Video yenyewe ilikuwa vumbi na migongo ya watu, lakini mwisho wake Simiti anaonekana akitoka mbio. Admin akaifuta pia, halafu akaniblock.

Jioni hiyo mjomba akapiga. Hakunisalimia.

"Mama, hawa vijana wa sokoni wananitembelea kinyumenyume. Umefanya nini na ng'ombe yangu?"

Ilikuwa hivi. Alikuwa ameenda sokoni kununua chumvi ya ng'ombe. Vijana wa bodaboda wakamwona, wakashuka kwenye pikipiki, wakaanza kutembea kinyumenyume mbele yake, wameinamisha vichwa, mpaka dukani. Akitoka, hivyo hivyo mpaka barabarani. Yeye hakuelewa hata wanacheka nini mpaka mwenye duka akamwonyesha simu.

Jumapili nikaenda. Nilimkuta kwenye zizi, anamchana Injinia mgongo. Hata kuku hakuchinjwa siku hiyo, na mwajua kwetu hilo lina maana gani.

Nikampa simu. Aliishika kwa mikono miwili, mbali kidogo na macho. Nilianza na yangu, ile nzima.

"Hapa anaenda," akasema. "Eeh. Hapo sawa kabisa, hata bega yake umetoa. Na hapa? Mbona anarudi?"

"Anarudi ili aanze tena, khotsa. Ndiyo namna picha inaendelea bila kuisha."

"Injinia haanzangi tena. Yeye anaendanga tu mpaka ile ingine itoroke. Wewe si ulikuwa hapo?"

"Nilikuwa."

"Sasa ni nani alikuambia umrudishe?"

Nikamwonyesha ile ya page nikamweleza jinsi ilivyokatwa. Aliiangalia mpaka nikaona aibu kwa niaba ya simu yangu. Akanirudishia.

"Lakini hiyo kurudi aliitoa kwa yako," akasema.

Hakunigombeza. Aliendelea kumchana ng'ombe. Afadhali angenigombeza.

Jumatatu nikaomba ruhusa kazini nikamtafuta huyo admin. Si vigumu, huku kila mtu anajua kila mtu. Ana kibanda cha cover za simu na chaja karibu na stage ya matatu. Nilitegemea kukutana na jambazi. Nikakuta kijana mpole, amechana nywele vizuri, ananikaribisha kiti.

"Sister, GIF ni za internet, si za mtu," akaniambia. "Na si nilikupatia exposure?"

"Exposure gani na sahihi yangu ulikata?"

"Ilikuwa inaharibu picha."

Niwaulize wakuu, jina la mtu linaharibuje picha aliyoichora yeye?

Nikamweleza kuhusu mjomba. Nikamweleza kwamba fahali anaweza kuuzwa kwa ajili ya mchezo wake. Akasikitika, kweli alisikitika, akasema ile posti imefanya vizuri sana na hawezi kuitoa, lakini ataandika samahani siku nyingine. Halafu akaniambia neno ambalo bado liko kifuani mwangu:

"Lakini mimi sikuchora hata laini moja. Hiyo kurudi nyuma nilikuta. Ni wewe ulimrudisha."

Nilitoka pale na hasira mbili. Moja ni kwa sababu yeye ni mwizi na mjinga, ya pili ni kwa sababu alisema jambo lile lile alilosema mjomba.

Basi nikaamua kufanya ile njia ngumu.

Njia ngumu ni hii. Fahali harudi. Badala yake, picha inakwenda naye. Yeye anasukuma, na ardhi inapita chini yake, nyasi zinapita, miguu ya watazamaji inapita, matawi yanapita. Ukifika mwisho, ule unyasi wa mwisho lazima uwe ndio ule wa kwanza, na mguu wake uwe pale pale ulipokuwa, asione mtu. Hivyo anakwenda mbele milele na hajawahi kurudi.

Michoro ishirini na minne. Miguu ndiyo iliniua, kwa sababu ng'ombe anayesukuma hatembei kama ng'ombe anayeenda mtoni. Ananyata, anachimba, anateleza kidogo, anachimba tena. Nilifuta nikachora, nikafuta nikachora. Sahihi safari hii sikuweka kwenye kona. Niliiweka kwenye ubavu wa Injinia, ndani ya manyoya, ili mtu akitaka kuikata amkate fahali mzima.

Nikiwa nimebakiza kidogo nikasikia kamati inayopanga mafahali wa sikukuu, nani apigane na nani, inakaa Alhamisi nyuma ya posho mill, pale panaposagwa unga. Nikamalizia haraka, nikaenda na tableti yangu. Mjomba hakutaka kuja. Alisema hawezi kwenda kumwombea ng'ombe wake kama mtu anayeomba kazi.

Walikuwa wanaume saba kwenye benchi. Walinisikiliza kwa adabu, nisiwasingizie. Nikawachezea ile mpya. Nikaona macho yao yanawaka, mmoja akaanza kutikisa mguu kama anasikia ngoma. Nikasema moyoni, tumepona.

Kisha mmoja wao akauliza, "Sasa hii si umechora?"

"Nimechora, ndiyo."

"Sasa hii si ushahidi. Hii ni katuni."

"Na ile ya kwanza je? Ile nayo nilichora. Ni mkono huu huu."

"Ile ilikuwa kwa internet."

Naapa ndivyo alivyojibu. Na wengine wakatikisa vichwa kukubali! Yaani mchoro wangu ukiibiwa na kukatwa unakuwa ukweli, na nikiuleta mwenyewe mkononi unakuwa katuni.

Nikamgeukia mwenyekiti. Huyu alikuwepo siku ya Simiti, yeye ndiye aliyetoa ishara mafahali waachiliwe.

"Mwenyekiti, wewe uliona. Nani aligeuka?"

"Simiti," akasema. Hata hakufikiria. "Sisi wote tulionanga. Hiyo si shida."

"Shida ni nini?"

"Shida ni ati ng'ombe imechekwa. Nani ataleta yake ipigane na ng'ombe inachekwa? Ikishinda haina sifa. Ikishindwa ni aibu mara mbili. Nimeuliza wenye mafahali wote, hakuna mwenye anataka. Rudi nyumbani, msichana. Mwambie mjomba wako pole."

Wakuu, ningeelewa kama wangekuwa wamedanganywa. Mtu aliyedanganywa unaweza kumweleza. Hawa walijua! Walijua ukweli wote, walikuwepo, na bado sekunde moja ya picha iliyokatwa ilikuwa na nguvu kuliko macho yao. Nilikusanya vitu vyangu nikaondoka bila kuaga, mwanamke wa Kiluhya nimeondoka mbele ya wazee bila kuaga, na sijutii.

Jumamosi nikaenda kwa mjomba kumweleza. Nikakuta zizi tupu.

"Mtu wa bucha kutoka Matete alikuja jana asubuhi," akasema. "Na lori."

Kamati ilikuwa imemtumia ujumbe hata kabla mimi sijafika kwao. Alijua tangu Jumatano. Hakuniambia kwa sababu hakutaka niache kuchora.

Nililia kwa sauti pale pale nje ya zizi, na mjomba ndiye akawa wa kunibembeleza.

"Nyamaza, mama. Alipanda lori mwenyewe. Wale walitaka kumvuta na kamba, nikawaambia wacheni. Nikaweka mkono kwa shingo yake tu. Akaingia na kichwa mbele. Hakurudi hata hatua moja."

Baadaye akaniomba nimwonyeshe. Nikatoa tableti. Akaisogeza mbali kidogo na macho.

"Huyu ndiye," akasema. "Huyu sasa ndiye yeye."

Halafu akauliza, "Anaenda wapi?"

"Haishii mahali, khotsa. Anaenda tu."

Akaitika kwa kichwa. Akaendelea kuangalia.

Ningeishia hapo ningekuwa na huzuni tu. Hasira iliyonifanya nifungue akaunti ni ya juzijuzi.

Niliipost ile GIF mpya kwenye ukurasa wangu nikaandika kwamba Injinia ameuzwa na hayupo tena. Haikumaliza siku mbili. Page ile ile, admin yule yule mpole wa kibandani, ameichukua. Sahihi iliyoko ubavuni mwa fahali ameifunika na mshumaa. Ndiyo, ameweka picha ya mshumaa juu ya ubavu wa ng'ombe. Na juu ameandika: "Pumzika Injinia, bingwa wa Isukha. Hakuwahi kurudi nyuma."

Hakuwahi kurudi nyuma! Ni wewe!

Na watu wale wale. Nimepitia majina moja moja. Waliocheka wanaweka emoji za kulia. Yule wa juu ya ua ameandika, "Nilikuwepo siku alimaliza Simiti, hakuna fahali kama yeye." Vijana wa bodaboda wameiweka status. Nimeambiwa hata mmoja wa ile kamati ameisambaza, na kwake haikuwa katuni.

Posti imepita ile ya kwanza mara nyingi. Ile ya kwanza nayo bado ipo, ukishuka chini kidogo unaikuta, Injinia bado anarudi nyuma.

Nilichojifunza ni hiki, na sijakipanga vizuri kwa hivyo mnisamehe. Kwa wachoraji wenzangu: kitufe kinachofanya kazi kwa dunia nzima kinaweza kuwa tusi nyumbani kwenu, na hakuna atakayekuonya isipokuwa uwaulize wenye kitu unachokichora. Ningemuuliza mjomba kabla ya kupost, angeniambia kwa sekunde moja. Hilo ni kosa langu na nitakufa nalo. Kwa ninyi wengine: hiyo picha unayoforward ina mtu aliyeichora na ina mtu au mnyama aliyemo ndani. Na kama ulikuwepo ukaona kwa macho yako, tafadhali, yaamini macho yako.

Sasa naomba ushauri wenu, na hapa nataka majibu ya watu wazima.

Ninaweza kuripoti ile page. Rafiki yangu mmoja anasema nikionyesha michoro yangu yote ishirini na minne ile posti ya mshumaa itaondolewa haraka, sahihi yangu iko chini ya huo mshumaa. Nilikuwa tayari kufanya hivyo Jumapili iliyopita, nikaona kwanza nimwambie mjomba. Safari hii niliuliza.

Akaniambia, "Usiitoe, mama. Hapo watu wanamuona akienda. Jana mwenye duka alinipatia mkono."

Vijana hawamtembelei tena kinyumenyume. Wanampisha njia. Wanamwita baba Injinia, na anafurahi, ninamwona anavyofurahi. Hao hao.

Halafu akaniuliza, "Na wameandika ni wewe ulichora?"

Alikuwa ameshika simu yangu, lakini hasomi maandishi madogo. Alikuwa ananitazama kwa ile furaha aliyokuwa nayo siku nilipompigia mara ya kwanza.

Nikamwambia wameandika.

Kwa hivyo wakuu, ningekuwa dada yenu, mngeniambia niitoe au niiache? Semeni. Ila anayetaka kuandika "ni ng'ombe tu", nimeshakuona, pita uzi mwingine.